Fungua Geti Masika Yakiisha

Bibi alisimama upande wa pili wa geti muda mrefu kabla ya kupiga hodi. Nilimwona kupitia upenyo: khanga kichwani, kikapu cha ukili mkononi, macho yake juu ya fensi, pale ambapo bugenvilia yangu imepanda ikaangukia upande wa barabara. Hodi yenyewe ilikuwa ya chini, ya mtu anayechelea kumsumbua mwenye nyumba. Nikaitika karibu, nikafungua, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akasema neno ambalo limekaa nami hadi leo: "Mwanangu, mwaka wa nne huu napita hapa naona maua juu ya ukuta. Naomba leo nione shina lake."

Hakuwa na shida nyingine. Nilimvutia kigoda, hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye shina, akainama, akaligusa kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akazunguka bustani nzima polepole. Kwenye kona ya nyuma, karibu na tangi la maji, aliokota vichipukizi nilivyoving'oa asubuhi ile nikavitupa pamoja na magugu. Akavifikicha, akaninusisha. Kivumbasi. "Ukikichoma jioni mbu wanakimbia," alisema. "Sisi wadogo, kila ua ulikuwa nacho." Nimekaa Toangoma miaka kumi na moja. Miaka yote hiyo nanunua dawa ya mbu dukani, na nyingine naing'oa kwa mikono yangu.

Jioni ile nilijaribu kukumbuka ni nani ameingia bustanini kwangu tangu nihamie, ukiwaacha ndugu, mafundi na msoma mita wa maji. Nilipata watu watatu. Na mtaa wetu una bustani nzuri. Najua kwa sababu naona vilele. Naona mkungu wa jirani wa kushoto, naona miashoki iliyosimama kama askari kwa jirani wa mbele, na baada ya isha napata harufu ya asumini kutoka nyumba ya tatu. Tunajuana kwa vilele vya miti. Mashina hatujawahi kuonyeshana.

Ndiyo maana naandika. Nina ombi kwa wenye viwanja wenzangu wa Toangoma, Kijichi, Mbweni, Boko, Bunju na kote pembezoni mwa Dar es Salaam ambako bado kuna nafasi ya kupanda mti: kila mwaka masika yakiisha, siku moja tu, tufungue mageti yetu majirani waingie waone tulichopanda.

Nasema masika yakiisha kwa sababu huo ndio wakati wetu. Nchi za baridi zina majira ya machipuko, pale miti iliyokaa uchi miezi kadhaa inapoanza kuvaa. Pwani yetu haina habari hiyo. Bustani ya huku inaongozwa na mvua na pepo. Masika yanaingia Machi, Aprili mitaa inageuka mito, Mei mawingu yanaanza kuchoka. Ikifika Juni kusi inavuma, jua halichomi, na huu mchanga wetu wa Temeke, ambao Februari unapitisha maji kama chujio, ukiuchimba kiganja kimoja unaukuta bado una ubaridi. Visima vimejaa. Vumbi halijapanda kwenye majani. Mchicha unakatwa leo, wiki haijaisha umerudi. Vuli nayo ina uzuri wake, na Desemba mikrismasi ikiwaka nyekundu sioni mji unaoushinda huu. Lakini vuli haina ahadi. Tunakumbuka mwishoni mwa mwaka 2022, mvua zilipochelewa, mto Ruvu ukapungua, mamlaka ya maji, DAWASA, ikatangaza mgao, na wengi wetu tukawa tunachagua kati ya kuoga na kumwagilia. Mwezi wa sita ni wa kuaminika zaidi. Tena maonyesho ya Sabasaba yanakuwa mlangoni. Miguu ya watu wa Temeke imeshazoea kutoka kwenda kuona vitu Barabara ya Kilwa ikikaribia tarehe 7 Julai.

Mji huu ulifundishwa mapema kwamba bustani ni ya baadhi ya watu. Mwaka 1893 utawala wa Kijerumani ulianzisha Bustani ya Mimea, ile iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, wakijaribia humo mazao ya biashara na miti iliyoletwa kutoka ng'ambo. Waingereza walipokuja, kanuni zao za ujenzi za miaka ya 1920 ziliukata mji mapande matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ikabaki wazi ili Kariakoo itengwe na wenzake. Uzunguni kiwanja kimoja kilitosha nyumba, ukoka, miti ya kivuli na banda la mtumishi nyuma. Kariakoo, na baadaye Magomeni na Temeke, viwanja vilikatwa vidogo. Mtu akishajenga vyumba sita kimebaki kipande cha choo na kamba ya kuanikia nguo.

Hata hivyo watu wa Uswahilini walikuwa na bustani, na naomba msomaji anivumilie hapa kwa sababu ndipo penye hoja yangu yote. Nyumba ya Kiswahili ina pande mbili. Nyuma kuna ua, mahali pa stara: wanawake wanapika, watoto wanaogeshwa, na pembeni pana mdimu, mkomamanga, rehani, asumini ya kutunga kikuba. Mgeni haingii huko ovyo. Mbele kuna baraza. Hapo mpita njia anakaa, anapewa maji, anaulizwa habari za atokako, anaambiwa nani anaumwa na nani kajifungua. Ua unaficha, baraza inapokea, na nyumba inasimama kwa vyote viwili.

Sasa tazama tulichofanya sisi tuliohamia pembezoni. Mradi wa viwanja 20,000 ulipoanza mwaka 2002, watu wengi walipata kwa mara ya kwanza kiwanja kilichopimwa, chenye nafasi ya kupumulia, huku Toangoma, na kule Kinondoni katika Bunju, Boko na Mbweni. Kitu cha kwanza wengi wetu kujenga kilikuwa fensi. Nimeona kiwanja chenye fensi na geti la chuma miaka sita kabla ya msingi wa nyumba. Minyaa na michongoma iliyokuwa mipaka ya zamani, ambayo mtu aliweza kuchungulia akasalimia, tuliing'oa. Tukachukua ua, tukauzungusha nyumba nzima, na baraza tukaiacha Kariakoo. Hilo ndilo kosa, nami nimelitenda kwa tofali za inchi sita.

Sipingi stara. Nina mabinti, nina wakwe wanaokuja, kuna siku sitaki kuonekana na mtu. Ninachosema ni kwamba nyumba isiyo na upande wa kupokea ni pungufu, na siku moja ya geti wazi ni baraza ya siku moja. Ni kidogo, lakini tuanze na kidogo.

Anayetaka kujua bustani iliyo wazi ikoje apande daladala mpaka Tandika. Nilikwenda kumwona mama mmoja mpangaji wa chumba kimoja, ambaye rafiki yangu aliniambia ana bustani. Sikuelewa bustani gani mpaka nilipofika. Kwenye baraza ya nyumba aliyopanga, na chini yake mpaka kwenye mfereji, alikuwa na ndoo za rangi, makopo ya maziwa ya unga, madumu yaliyokatwa katikati, beseni lililotoboka na matairi mawili yaliyopinduliwa. Humo mna mchaichai, pilipili, shubiri, mnanaa, rehani, matembele yanayoning'inia kama ndevu, na waridi moja jekundu katika ndoo ya lita ishirini. Nilipomwomba ruhusa ya kuangalia alinitazama kwa mshangao, kwa sababu pale hapaombwi ruhusa. Watoto wa mtaa wanajua ni pilipili ipi inachumwa na ipi imeachwa kwa mbegu. Akisafiri kwenda kwao, fundi cherehani wa nyumba ya jirani anamwagilia bila kuambiwa. Nilimuuliza kama haviibiwi. Akasema vinaibiwa, anapanda tena, na mara nyingi aliyeng'oa mchaichai usiku anarudi baada ya wiki mchana kuuliza unapandwaje.

Nimewahi kuona bustani za mabalozi na za hoteli za ufukweni. Ile ya Tandika naiweka mbele ya zote.

Basi Juni ya mwaka jana nikafungua. Nilitangulia kumweleza mwenyekiti wa serikali ya mtaa, maana mkusanyiko usioelezwa huzaa maneno. Nikabandika karatasi getini na nyingine dukani kwa Mangi: Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, karibuni muone bustani. Nikaazima mikeka, nikachemsha chai ya mchaichai, binti zangu wakapika vitumbua. Saa tatu nikafungua geti pande zote mbili mpaka nyuma, nikaegesha mawe lisirudi.

Kwa zaidi ya nusu saa hakuingia mtu. Watu walipita, wakachungulia, wakaendelea na safari. Kwetu geti lililo wazi wakati hakuna msiba wala harusi linatia mashaka. Aliyevunja ukimya ni yule bibi, aliyekuja na wajukuu wanne. Alikaa kwenye mkeka palepale mlangoni, na kila mwanamke aliyepita alimwita kwa jina la mwanawe, mama fulani, mama fulani, njoo uone shina la maua yale. Kufika adhuhuri nilikuwa nimepokea watu kama sitini, na wengi nilikuwa sijawahi kuwasikia hata sauti.

Watoto ndio walionifungua macho. Nina mdimu mmoja ambao kila baada ya mvua majani yake yanaliwa, na chupa ya dawa nilikuwa nimeshanunua. Mtoto wa darasa la tatu aliona juu ya jani kitu ambacho siku zote mimi nilikidhania kinyesi cha ndege. Kikatembea. Kiwavi wa kipepeo wa midimu na michungwa akiwa mdogo anafanana kabisa na uchafu wa ndege, na hiyo ndiyo kinga yake, ndege asimtamani. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Wale watoto waligusa. Wakapiga kelele, wakakimbia, wakarudi, wakagusa tena. Nilipowaeleza kwamba huyu ndiye anakuwa yule kipepeo mweusi mwenye mabaka ya njano hafifu anayepita mitaani kwetu, mmoja aliniomba nimwachie majani machache. Chupa ya dawa bado haijafunguliwa. Mdimu una majani ya kututosha sisi na yeye.

Msichana mmoja, mkubwa kidogo kuliko wenzake, aliniuliza swali lililonikalisha chini. Nilikuwa nawaeleza asili ya kila kitu, na nilijiona najua: bugenvilia asili yake Amerika Kusini, jakaranda vilevile, msanapiti huu tunaouona makaburini umetoka upande wa Amerika ya Kati, mkrismasi ni wa Madagaska, asumini ililetwa kutoka Asia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na la kwetu lipi?"

Nilimpeleka kwenye fensi ya nyuma, kwenye mtambaazi ambao haukupandwa na mtu. Ulikuwa kwenye kichaka kabla wapima ardhi hawajafika, na kila masika unafufuka kutoka kwenye kiazi chake: gloriosa, ua la njano na jekundu lenye petali zilizopinda juu kama ndimi za moto. Nikamwonya asiguse kiazi kwa sababu kina sumu kali. Hilo tu ndilo la kwetu lililokuwa limenusurika katika kiwanja changu chote.

Kisha nikamsimulia habari ya ua la Tanga. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota katika misitu ya huko mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, akaupeleka kwao. Mwaka uliofuata wataalamu waliupa jina lake, Saintpaulia. Leo wazao wake wako kwenye madirisha ya jikoni ya Ulaya na Marekani, katika rangi ambazo msituni hazipo, na Wajerumani hadi leo wanauita kwa jina la Usambara. Huku kwetu sijawahi kuuona ukiuzwa kwenye kitalu chochote cha barabarani. Ni mmea wa kivuli na ubaridi, mchanga wa Toangoma hauufai, nakubali. Lakini mtoto wa Temeke kumaliza shule bila kusikia kwamba ua la dirishani la nusu ya dunia limetoka mwendo wa siku moja kwa basi kutoka kwao, hilo linaniuma.

Na iko mingine. Katika misitu ya pwani ya kusini kuna mti wa maua mekundu uitwao kitaalamu Erythrina schliebenii, ambao mwaka 1998 uliorodheshwa kuwa umetoweka duniani. Ulionekana tena mwaka 2001, ukahofiwa kupotea mara ya pili, na mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta ungali hai, michache sana. Hapa jirani zaidi, Kisarawe, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya msitu wa pwani wa kale sana, wenye mimea isiyopatikana kwingine. Mti uliobaki msitu mmoja unaweza kuisha kwa moto mmoja. Ukiwa umepandwa kwenye viwanja mia vya watu wa kawaida, wenye kuujua jina na kuuonyeshana, una walinzi mia. Masika ya mwaka huu nimepanda mpingo na mkongo, ili yule msichana akirudi na swali lake nisiwe na jibu moja.

Wakubwa nao walileta ujuzi. Kijana anayeuza miche kando ya Barabara ya Kilwa alitia kidole kwenye ndoo ya maji ya kisima changu, akalamba, akaniambia waridi hapa halitakaa kamwe. Maji yana chumvi, yanaunguza ncha za majani kwanza, kisha mizizi. Miaka mitano nimenunua waridi kwake na kwa wenzake, naye hakuwahi kujua yanakokwenda kufia. Alinielekeza nikinge maji ya paa wakati wa masika niyahifadhi kwa ajili ya vyungu, na kisima nikiachie bugenvilia na minazi ambayo haijali. Tangu hapo sijapoteza waridi.

Muuguzi anayekaa nyumba ya nne aliinama kwenye sahani zilizo chini ya vyungu, akaniita pembeni kwa adabu, akanionyesha viluwiluwi vya mbu vikicheza. Nilitamani ardhi inimeze. Mbu anayeeneza homa ya dengi anataga kwenye maji kidogo, yaliyotuama, ya majumbani mwetu, na anauma mchana. Homa hiyo ilitutesa Dar es Salaam mwaka 2014, ikarudi 2019. Tulimwaga sahani zote pale pale, wageni wakisaidia, na kabla ya magharibi nyumba tatu za jirani nazo zilikuwa zimeshamwaga za kwao. Mwingine, ambaye alikuwa na mpango wa kutandaza pevu uwanja mzima, aliniuliza maji yangu ya mvua yanakwenda wapi. Yanazama, nikamwambia. Alisimama akiutazama ukoka. Aliyeona mafuriko ya Desemba 2011, familia za bondeni zikihamishiwa Mabwepande, anajua kwamba kila uwanja uliozibwa huku juu unamtumia maji mtu wa chini.

Hasara zilikuwepo. Mtu alikata tawi la msanapiti bila kuomba. Tuta la matembele lilikanyagwa likalala. Mkasi wangu wa kupogolea haukuonekana jioni, na sikuutafuta. Nimenunua mwingine.

Wenye viwanja wenzangu wana hoja mbili ninazozisikia kila mara. Ya kwanza ni usalama, na siidharau, maana nimewahi kuvunjiwa. Lakini nilipovunjiwa fensi ilikuwepo, na hakuna jirani aliyetoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa akinijua. Sasa nikisafiri siku mbili watu wanauliza. Weka kijana mmoja wa ulinzi shirikishi getini, funga milango ya nyumba, acha bustani tu. Hoja ya pili watu wanaisema kwa sauti ya chini: kijicho. Mtu akisifia mwembe wako, kesho unakauka. Nilimuuliza bibi anasemaje. Akasema, mwambie aseme mashallah, kisha mpe mbegu. Mwenye mche wako nyumbani kwake anauombea dua.

Kuna suala la pesa. Uingereza wana utaratibu wa miaka mingi wa kufungua bustani za watu binafsi. Ulianza mwaka 1927 ili kuchangia wauguzi waliokuwa wakizungukia wagonjwa majumbani: bustani 609 zilifunguliwa mwaka ule, kiingilio shilingi moja kwa kichwa, zikapatikana zaidi ya pauni 8,000. Unaendelea mpaka leo. Karibu na sisi, mashamba ya viungo ya Unguja, Kizimbani na Kidichi, yanapokea wageni kila siku. Kijana anakwangua gome la mdalasini, anapasua kungumanga, mgeni ananusa, analipa. Ni kazi ya heshima na inalisha familia. Mimi hata hivyo sitaki kiingilio Toangoma. Mashamba yale yanamwonyesha viungo mtu aliyetoka mbali kwa ndege, na ninachotaka ni kumwonyesha mtu aliyetoka nyumba ya pili. Ukimtoza jirani mia tano, mama wa Tandika mwenye makopo ataingia mara moja na hatarudi, na yeye ndiye mwenye ujuzi. Waswahili tulisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bustani yangu ilipona kwa wageni: waridi, mdimu, sahani za mbu, kivumbasi. Badala ya pesa nilimpa kila aliyetaka kipandikizi, nikamwomba mwakani aje na cha kwake.

Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Viwanja vya wazi vilivyochorwa kwenye ramani za mitaa yetu vingi vimeota fremu za maduka na gereji, na kuvirudisha ni kazi ya miaka na ya mahakama. Naiunga mkono kazi hiyo. Lakini mtoto wa darasa la tatu hawezi kuisubiri, naye anahitaji kuona kiwavi mwaka huu. Miti ipo. Iko nyuma ya kuta zetu, tumeimwagilia wenyewe, na ufunguo tunao mfukoni.

Mwaka huu nyumba tano za mtaa wetu zimekubali kufungua Jumamosi moja, moja baada ya nyingine, ili watu watembee kutoka geti hadi geti. Jirani wa asumini ni mmojawapo; miaka kumi na moja namnusa, sijawahi kukanyaga kwake. Mwenyekiti wa mtaa atatangaza. Mama wa Tandika ameahidi kuja na mnanaa.

Na fensi yangu inapungua. Fundi amekuja juzi kupima. Upande wa barabara tutatoa kozi nne za tofali, kwa urefu wa hatua sita, na mahali pake zitasimama nondo. Nilimwambia aache nafasi ya kutosha kati ya nondo na nondo kwa mkono wa mtu kupita. Bibi amekwishaleta mche wa asumini, umefungwa kwenye kitambaa kibichi ndani ya kile kikapu cha ukili. Tumeupanda nje ya ukuta, upande wake, na tunasubiri nondo zifike ili upate pa kushika.